Sababu Kwanza, Mlango Baadaye

 Leo nawasimulia habari ya karatasi moja inayoweza kufungua mlango wa nyumba ya mtu, na jinsi tulivyofika kuamua kwamba karatasi hiyo itoke mahakamani, si pengine. Habari hii ina ng'ombe, ina mwandishi wa London aliyevunjiwa makabati, na ina watu waliofunika nyuso zao usiku wa manane jijini Nairobi. Inaanzia hapa kwetu Machakos, na yote ni kweli.

Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi. Ilisema mifugo inamaliza nyasi na mvua inachukua udongo, na kweli vilima vyetu vilikuwa vimeanza kubaki vipara. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya mabavu. Kiliwekwa kiwango cha mifugo inayoruhusiwa kubaki, na waliozidi wakaswagwa hadi mnadani, mwenyewe apende asipende, wakauzwa kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Na pale Athi River, kampuni ya Liebig ilikuwa na kiwanda cha nyama kilichotaka ng'ombe wengi kwa bei ya chini.

Ng'ombe kwa Mkamba wa siku hizo walikuwa mahari ya kijana wake, akiba ya mwaka wa ukame na heshima yake mbele ya ukoo. Kuwachukua ilikuwa kuingia ndani kabisa ya maisha ya mtu. Basi akasimama mtu mmoja, Muindi Mbingu, akiwa na wenzake wa chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai mwaka huo, watu kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakaondoka huku wakaenda Nairobi kwa miguu. Wakapiga kambi Kariokor, wakasema hawaondoki mpaka wamwone Gavana. Walikaa wiki nyingi. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, mbali na jamaa zake. Lakini serikali haikuweza kuendelea kama ilivyoanza. Ikaacha kuchukua mifugo kwa nguvu. Mkienda Nairobi leo mtapita katika barabara yenye jina la Muindi Mbingu katikati ya jiji. Sasa mnajua ni nani.

Nawaomba mtazame jambo moja katika habari hiyo. Maafisa waliokuja kuchukua ng'ombe hawakuja bila amri. Amri walikuwa nayo, tena ya serikali yenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa katikati, asiyewataka ng'ombe wale na asiye mwenyewe, ambaye angeuliza kabla ng'ombe hawajatoka bomani: Kwa nini hawa? Kwa nini wa huyu? Mna ushahidi gani kwamba ni lazima? Serikali ilikuwa mlalamishi, ikawa hakimu, ikawa dalali. Mwenye mali alibaki hana pa kusemea ila barabarani.

Huyo mtu wa katikati ndiye kiini cha habari yangu yote.

Waingereza wenyewe walikuwa wamejifunza somo hilo muda mrefu kabla ya kufika Ukambani. Novemba 1762, watumishi wanne wa mfalme waliingia nyumbani kwa mwandishi mmoja wa London, John Entick, aliyeshukiwa kuandika maneno ya kuiudhi serikali. Kwa muda wa saa nne walivunja kufuli, wakafungua masanduku na makabati, wakasoma barua na makaratasi yake, wakaondoka na mamia ya nyaraka. Walikuwa na karatasi mkononi, lakini ilikuwa imetiwa sahihi na waziri, Lord Halifax. Hakuna hakimu aliyeulizwa kama sababu zao zinatosha.

Entick alikwenda mahakamani. Mwaka wa 1765 Jaji Mkuu Camden aliamua kwamba kama watumishi wa serikali wana uwezo wa kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba makaratasi yake, basi waonyeshe sheria inayowapa uwezo huo. Sheria haikupatikana. Cheo cha waziri hakikutosha, na kudai kwamba ni kwa manufaa ya taifa hakukutosha pia. Watumishi wale waliamriwa kumlipa Entick fidia. Baadaye Marekani iliandika wazo hilo katika katiba yake: kibali kitolewe kwa sababu za kuaminika zilizoapiwa, na kitaje mahali pa kupekuliwa na vitu vya kuchukuliwa. Lakini wazo hilo halikumfikia mfugaji wa Machakos mwaka wa 1938, kwa sababu mtawala hakumhesabu kuwa raia mwenye haki. Haki iliyoandikwa kwa ajili ya wachache ina tabia ya kuishia njiani.

Tulipopata uhuru tulipata katiba, na ndani yake kulikuwa na kinga dhidi ya kupekuliwa. Katika Katiba ya zamani ilikuwa kifungu cha 76: mtu asipekuliwe mwili wala mali, wala watu wasiingie kwake, bila ridhaa yake. Kifungu hicho kilifuatwa na orodha ndefu ya hali ambazo kinga hiyo ingeweza kuwekwa kando. Kisha ukaja usiku mmoja wa Machi 2006.

Usiku huo watu wenye silaha, nyuso zao zimefunikwa, walivamia ofisi za gazeti la The Standard na runinga ya KTN katikati ya Nairobi, na pia kiwanda chao cha uchapishaji kule Industrial Area. Walibeba kompyuta na mitambo, wakaizima KTN isiweze kurusha matangazo, wakachoma magazeti yaliyokuwa yameshachapishwa. Wasomaji wengi waliamka asubuhi wakakosa gazeti lao. Serikali ilikiri kwamba waliohusika ni polisi. Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, John Michuki, alitetea kitendo hicho akisema anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa.

Wenye gazeti walifuata njia ya Entick, wakaenda mahakamani. Iliwachukua miaka saba. Mwaka wa 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Nchi inayoongozwa kwa sheria haiwezi kuwa na polisi wanaoingia kama nyoka. Polisi huingia kama maafisa: uso wazi, jina linajulikana, sababu imeandikwa.

Wakati uamuzi huo unatolewa, Kenya ilikuwa tayari na Katiba mpya. Tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, nayo ikazinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo. Ndani ya Sura ya Nne, ile ya haki, mtakuta kifungu cha 31. Kinasema kila mtu ana haki ya faragha, na kinataja mambo manne. Mtu asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake. Asinyang'anywe vitu vyake. Asilazimishwe bila haja kutoa habari za jamaa yake au mambo yake ya binafsi, wala habari hizo zisifichuliwe bila haja. Na mawasiliano yake yasiingiliwe.

Kifungu hicho kinasema kila mtu. Hakikusema kila mtu mwenye nyumba ya mawe, wala kila mtu mwenye wakili. Mama anayeuza maembe Masii amo. Kijana wa bodaboda Tala amo. Mtoto wa shule amo pia, na Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia kwamba mtoto naye ana faragha yake, ingawa mzazi anabaki na haki ya kumwangalia mwanawe inavyofaa.

Lakini haki hii si ukuta usio na mlango. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kama hii iwekewe mpaka, mradi mpaka huo uwe wa sheria, uwe na sababu ya haki, na usizidi kiasi. Jirani aliyeibiwa naye ana haki. Mtoto aliyeumizwa ana haki ya kuona aliyemuumiza akipatikana. Ndiyo maana sheria inampa polisi njia ya kuingia, na njia hiyo kuu ni kibali cha upekuzi.

Tuseme pikipiki imeibwa Tala. Ni nyekundu, nambari ya usajili na ya injini zinajulikana, na mwenyewe ameandikisha ripoti kituoni. Siku mbili baadaye afisa anayechunguza anapata habari kwamba imefichwa katika nyumba fulani upande wa Kathiani. Afanye nini?

Kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamwelekeza aende kwa hakimu. Katika kaunti yetu zipo mahakama Machakos mjini, Mavoko, Kangundo na Kithimani, hivyo safari si ya mbali. Akifika, anaeleza chini ya kiapo: kosa gani limetendeka, kitu gani kinatafutwa, kiko wapi, na kwa nini anaamini kiko hapo. Kiapo si jambo dogo. Anayeapa uongo mbele ya hakimu anatenda kosa yeye mwenyewe.

Hapo hakimu anapima. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nje ya mahakama methali hiyo ina hekima yake. Mbele ya hakimu haitoshi hata kidogo. Afisa akisema tu, "Watu wanasema yule kijana si mtu mzuri," hakimu anapaswa kumrudisha. Akisema, "Shahidi aliona pikipiki nyekundu ikiingizwa katika ua ule saa mbili usiku, siku ileile ya wizi, na alisoma herufi za mwanzo za nambari yake," hiyo ni sababu inayoshikika. Sheria inataka shaka yenye msingi, si chuki, si kabila la mtu, si nywele zake, si mtaa anaokaa.

Hakimu akiridhika, anatoa kibali kwa maandishi. Msikitazame kwa woga, kitazameni kama mnavyosoma barua ya shule. Juu kuna jina la mahakama. Kisha kuna jina la afisa au cheo cha anayeruhusiwa kupekua. Kuna mahali penyewe pa kupekuliwa. Kuna kosa linalochunguzwa na kitu kinachotafutwa. Chini kuna tarehe, sahihi ya hakimu na muhuri. Karatasi isiyo na sahihi ya hakimu si kibali. Barua ya chifu si kibali, hata chifu awe mtu mwema namna gani. Simu kutoka kwa mkubwa fulani Nairobi si kibali.

Maneno yaliyo ndani ya kibali yana kazi. Kikitaja nyumba ya mtu mmoja, hakimpi afisa ruhusa ya kuzunguka ploti nzima akigonga kila chumba. Kikitaja pikipiki, basi anayetafuta pikipiki hana sababu ya kufungua kopo la sukari wala kusoma shajara ya binti wa nyumba hiyo. Kitu kinachotafutwa ndicho kinachoonyesha mkono wa afisa ufike wapi.

Na saa pia zimewekwa. Kifungu cha 119 cha sheria hiyohiyo kinasema kibali kinaweza kutolewa na kutumiwa siku yoyote, hata Jumapili, lakini kitumiwe kati ya macheo na machweo. Ili polisi waje usiku, lazima hakimu awe ameruhusu hivyo ndani ya kibali chenyewe. Aliyeandika sheria hiyo alijua kwamba watu wengi wenye bunduki mlangoni saa tisa za usiku, watoto wamelala, ni jambo tofauti na watu haohao saa nne za asubuhi.

Afisa akifika na kibali, mwenye nyumba anapaswa kumfungulia na kumpa nafasi ya kufanya kazi yake. Akikataa, sheria inamruhusu afisa kuingia kwa nguvu. Kama wanalazimika kumpekua mwanamke, kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinaamuru apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia sana staha. Hakuna udhuru wa kusema kwamba afisa wa kike hakupatikana leo. Vitu vinavyochukuliwa si mali ya polisi: hupelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo huamua vikae wapi na virudishwe lini. Kwa kawaida huandikwa orodha, na mwenye nyumba huombwa aitie sahihi. Isomeni kwanza, mstari kwa mstari. Kama waliochukua simu mbili wameandika moja, semeni kabla ya kushika kalamu.

Sasa mtaniuliza, je, polisi hawawezi kabisa kupekua bila kibali? Wanaweza, katika hali zilizotajwa na sheria, nami sitaki mtoke hapa mkiwa na nusu ya ukweli.

Hali ya kwanza ni ridhaa. Mwenye nyumba akiulizwa, akakubali kwa hiari yake, afisa anaingia. Lakini ridhaa ya kweli haitolewi na mtu aliyeshikiwa rungu. Kunyamaza kwa hofu si kukubali.

Hali ya pili ni kukamatwa. Mtu aliyekamatwa kihalali anaweza kupekuliwa mwilini, kwa sababu huenda ana silaha au ana ushahidi mfukoni. Na anayefukuzwa ili akamatwe akikimbilia ndani ya nyumba, polisi wanaweza kumfuata humo.

Hali ya tatu ni vyombo vya usafiri. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu afisa kusimamisha na kupekua gari au mtu iwapo ana shaka yenye msingi kwamba kuna kitu cha wizi au kilichopatikana isivyo halali. Ndiyo maana matatu husimamishwa Mlolongo au pale makutano ya Kyumvi bila hakimu kuitwa. Gari lina magurudumu, na kibali kikifika litakuwa limeshafika Mombasa. Hata hivyo shaka lazima iwepo, na lazima ielezeke.

Hali ya nne ndiyo nzito zaidi, nayo imo katika kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Afisa mkuu wa kituo au afisa anayechunguza kosa anaweza kuingia bila kibali kama ana sababu za kuamini kwamba kitu kilichotumika katika uhalifu kiko mahali fulani, na kwamba kungoja kibali kutaharibu uchunguzi. Mfano ni habari kwamba nguo zenye damu zinachomwa moto sasa hivi nyuma ya nyumba. Tazameni lakini masharti yake. Kabla ya kuingia, afisa aandike sababu zake na maelezo ya kitu anachokitafuta. Akiombwa, aonyeshe cheti chake cha kazi. Akichukua kitu, aandike mara moja ni kitu gani, kisha akipeleke kwa hakimu bila kukawia.

Mmeona? Hata pale ambapo mlango unafunguliwa bila hakimu, sababu bado inatangulia kuandikwa, na hakimu bado anangoja mwisho wa njia. Haraka inampa afisa ruhusa ya kumtangulia hakimu. Haimpi ruhusa ya kumkwepa. Kuna sheria nyingine pia, kama zile za dawa za kulevya na za ugaidi, zenye utaratibu wake, lakini zote zinasimama chini ya Katiba ileile.

Tufike kwenye simu, kwa maana najua ndiyo mnayoifikiria. Zamani mambo ya siri ya mtu yalikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Leo yako ndani ya simu: barua za mapenzi, picha za marehemu nyanya, pesa, majina ya marafiki wote, ujumbe kwa daktari. Anayeisoma simu yako anasoma zaidi ya walichosoma wale wanne katika nyumba ya Entick kwa saa nne.

Kifungu cha 31 kinalinda mawasiliano kwa kuyataja. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inamwelekeza afisa anayetaka data iliyohifadhiwa katika kompyuta au simu kwa ajili ya uchunguzi aombe kibali mahakamani. Kuishika simu ya mtu aliyekamatwa kama kielelezo ni jambo moja. Kuifungua na kuanza kusoma ujumbe wake ni jambo jingine. Kijana aliyesimama stendi ya Machakos akingoja gari la Wote, hajakamatwa, hajashukiwa kosa lolote, halazimiki kukabidhi simu yake isomwe kwa sababu tu afisa ametamani kujua.

Basi siku polisi wakija kuwapekua, fanyeni hivi. Kwanza, tulieni. Pili, zungumzeni kwa heshima. Semeni, "Afande, naomba kuona cheti chako cha kazi na kibali cha mahakama." Maneno hayo hayana matusi wala ubishi. Afisa mwenye sare anatakiwa na sheria awe na jina au nambari yake mahali panapoonekana, basi isomeni na kuikumbuka. Kibali kikitolewa, kisomeni, kisha mwacheni afanye kazi.

Kisipotolewa, ulizeni sababu. Na afisa akishikilia kuingia, msipigane naye, msimsukume, wala msijilaze mlangoni. Kumzuia polisi kazini ni kosa, na mnaweza kuumia bure. Semeni wazi, mashahidi wasikie, "Sijakubali upekuzi huu, lakini sitakuzuia kwa nguvu." Kisha muwe macho na masikio: saa ngapi, walikuwa wangapi, gari namba gani, walivunja nini, walichukua nini. Siku hiyohiyo andikeni yote, wakati kumbukumbu haijapoa. Mtoto asibebe jambo hili peke yake. Amwambie mzazi, mlezi au mwalimu.

Baada ya hapo kuna milango ya kubisha. Upo uongozi wa kituo, ambako malalamiko huandikwa katika kitabu cha matukio nawe ukapewa nambari. Ipo IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza mwenendo wa polisi. Ipo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Na ipo Mahakama Kuu, ambayo ina kituo chake hapa Machakos. Kifungu cha 22 cha Katiba kinampa kila mtu nafasi ya kwenda mahakamani haki yake inapokiukwa, na cha 23 kinairuhusu mahakama kuamuru fidia.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalowafanya hata wapelelezi wenye haraka wafikiri mara mbili. Kifungu cha 50 cha Katiba, ibara ndogo ya 4, kinasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utatupwa nje iwapo kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutadhuru utoaji wa haki. Hilo halitokei lenyewe. Jaji hupima. Lakini fikirini maana yake kwa yule aliyeibiwa pikipiki Tala. Afisa akivunja mlango bila kibali wala sababu iliyoandikwa, akaipata kweli, mwizi anaweza kusimama mahakamani akapinga ushahidi huo, na kesi ikaporomoka. Aliyeumia ni mwenye pikipiki. Afisa aliyefuata sheria angemtendea haki zaidi.

Kwa hiyo msikubali mtu awaambie kwamba kibali ni ngao ya wahalifu. Kibali kinamlinda asiye na hatia asiaibishwe mbele ya watoto wake. Kinamlinda aliyeibiwa, kesi yake isimame. Na kinamlinda afisa mwenyewe, kwa sababu aliyeingia kwa amri ya mahakama hashtakiwi kwamba amevamia.

Hilo la mwisho nalisema kwa makusudi, kwa sababu baadhi yenu mnaonisoma mtaivaa sare hiyo. Mtatoka Mwala, Yatta au Mavoko mkaenda kufunzwa Kiganjo, mkarudi mkiwa na silaha kiunoni na uwezo wa kubisha mlango wowote. Siku moja mtakuwa na hakika moyoni kwamba mshukiwa ni yuleyule, mvua inanyesha, hakimu yuko mbali, na mkubwa wenu anawaambia nendeni tu. Nawasihi siku hiyo mkae chini mwandike sababu zenu. Mkiziandika mkaziona hazitoshi, basi hazikutosha tangu mwanzo, na nyumba mliyotaka kuiingia ni ya mtu asiyestahili kuingiliwa. Zikitosha, hakimu atatia sahihi, nanyi mtakwenda vifua mbele. Kazi ya polisi ni ya heshima inapofanywa hivyo, na Machakos inawahitaji polisi wa namna hiyo.

Na ninyi wengine, ulizeni Katiba katika maktaba ya shule, au mwombeni mwalimu awatafutie. Kifungu cha 31 ni kifupi, kinasomeka kwa dakika moja. Kisomeni kwa sauti nyumbani ili hata nyanya asiyejua kusoma akisikie, kwa maana nyumba yake ndiyo ya kwanza kuingiwa bila kuulizwa, na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini.